Pechi chini ya barafu: mwongozo wa mabwawa ya milimani kwa anayeanza

Kila theluji inapoanza kushuka kwenye milima ya Idaho, swali moja huzuka upya miongoni mwa Waswahili wa Boise, Twin Falls na hata Salt Lake City: wale watu waliokaa juu ya ndoo katikati ya bwawa lililoganda wanavua nini, na mtu aliyekulia kando ya Tanganyika au Kivu anaweza kuwaiga bila kuitafuta ajali?

Anaweza, na gharama yake si kubwa. Samaki anayetafutwa zaidi ni yule ambaye vitabu vya kanuni humwandika yellow perch: mwili wa manjano, mistari myeusi ya kushuka ubavuni, mapezi ya chini ya rangi ya chungwa. Hapa ataitwa pechi. Hana undugu wa karibu na sangara wa Ziwa Victoria. Sangara anaweza kumshinda mtu mzima kwa uzito, ilhali pechi wa kilo moja anatosha kumfanya mvuvi apige simu nyumbani. Anachopendewa ni mnofu wake mweupe, mtamu, usio na mafuta mengi.

Ushauri unaofuata unasimama juu ya jambo moja: uvuvi wa barafuni si kazi ya kukaa. Kila tundu linalotobolewa hujibu maswali mawili kwa pamoja, unene wa barafu na kama samaki wapo. Anayetoboa mara nyingi hukaa salama zaidi, na pia hupata samaki zaidi.

Mfano wetu: Bwawa la Cascade

Cascade liko kaskazini mwa Boise, mwendo wa maili 75 hivi kwa barabara namba 55, karibu mita 1,470 juu ya usawa wa bahari. Ramani huliita Lake Cascade, lakini ni bwawa la kutengenezwa. Ukuta wake kwenye mto North Fork Payette ulikamilika mwaka 1948 ili kuhifadhi maji ya umwagiliaji.

Pechi wa hapa wana historia. Miaka ya 1990 walikaribia kutoweka, kwa kuwa samaki wakubwa waitwao northern pikeminnow waliwamaliza wangali wachanga. Kati ya mwaka 2004 na 2006, Idaho Fish and Game, mamlaka ya samaki na wanyamapori ya jimbo, iliwapunguza walaji hao na kuhamishia bwawani mamia ya maelfu ya pechi kutoka bwawa la Phillips huko Oregon. Walishika, wakazaliana, na leo watu husafiri kutoka majimbo ya mbali kutafuta pechi wa zaidi ya pauni 2. Kwa kulinganisha, rekodi ya dunia ya samaki huyu ni pauni 4 na aunsi 3, naye alivuliwa New Jersey mwaka 1865.

Tahadhari kwa mwenye kutaka kujaza ndoo: Cascade ni maarufu kwa ukubwa wa pechi, si kwa wingi wao. Kuna siku ambapo pechi watano ni mavuno mazuri.

Karatasi kwanza

Mambo ya leseni huwaponza wageni kuliko baridi. Kwa Idaho, kumbuka haya:

- Leseni hufuata mwaka wa kalenda. Leseni ya mwaka uliyonunua Novemba inakufa tarehe 31 Desemba. Ukirudi bwawani Januari bila mpya, unavua bila leseni.
- Ukaazi ni miezi sita. Aliyehamia Idaho juzi hulipa bei ya mgeni hadi atimize miezi hiyo. Usidanganye kwenye fomu, kwa sababu ni kosa la kisheria.
- Mtoto mkaazi aliye chini ya miaka 14 hahitaji leseni. Idadi ya samaki anaoruhusiwa bado inamhusu.
- Tundu lisizidi inchi 10 kwa upana, na mvuvi mmoja anaruhusiwa hadi mishipi mitano barafuni.
- Samaki hai hawaruhusiwi kuwa chambo. Wanaotoka majimbo mengine husahau hili mara kwa mara.
- Idadi ya pechi unaoruhusiwa kuondoka nao hubadilika. Isome kwenye kitabu cha kanuni cha mwaka huo, ukitafuta jina la bwawa lenyewe. Usitegemee alichokumbuka rafiki.

Ukienda Utah, Colorado au Montana, anza upya. Kila jimbo lina umri wake wa leseni, idadi yake ya mishipi na upana wake wa tundu.

Kuisoma barafu

Vipimo vya kuanzia ni hivi, kwa barafu mpya, ngumu na angavu, ile inayoonekana nyeusi kwa sababu maji yaliyo chini yanaonekana:

- Chini ya inchi 4 (sentimita 10): usikanyage.
- Inchi 4: mtu kwa miguu, wenzake wakiachana kwa hatua kadhaa.
- Inchi 5 hadi 7: pikipiki ya theluji.
- Gari: liache maegeshoni, hata ukiona wenyeji wameingiza yao.

Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina takriban nusu ya nguvu hiyo. Inchi 4 basi ziwe 8. Barafu ya kijivu imeshaingiwa na maji, na hiyo haina kipimo. Rudi.

Kifaa cha kupimia unapotembea ni mtaimbo. Unapigwa mbele ya mguu, pigo moja zito kila baada ya hatua mbili tatu. Barafu nzuri hujibu kwa mlio mkavu na mtaimbo hurudi juu mkononi. Barafu mbovu hutoa sauti iliyokufa, ncha ikazama, na maji yakachungulia pembeni mwa chuma. Maji yakichungulia kwa pigo la kwanza au la pili, simama hapo hapo. Rudi kwa nyayo zako zile zile, ukiburuta miguu bila kuinyanyua.

Kila baada ya hatua hamsini, toboa kwa keekee na upime kwa rula. Unene wa inchi 9 pwani haukuambii lolote kuhusu mita mia mbili mbele.

Vipi kuhusu ngurumo na milio mirefu inayopita chini ya miguu? Karibu kila anayeanza hukimbilia pwani anapoisikia mara ya kwanza. Kwa kawaida ni barafu inayopanuka na kusinyaa kwa mabadiliko ya joto. Lakini usiigeuze kuwa habari njema. Barafu nene hulia, na nyembamba inaweza kunyamaza kimya. Jibu liko kwenye rula.

Hatari za bwawa ambazo ziwa halina

Aliyewahi kuvua Mtera au Nyumba ya Mungu anajua kwamba maji ya bwawa hupanda na kushuka kwa amri ya walioshika mageti. Wakati wa baridi, maji yakishuka huacha barafu ya pwani ikining'inia bila kuegemezwa na kitu, kisha inapasuka au kuinama. Yakipanda, barafu huinuka na kuacha ukanda wa maji au barafu changa kati yake na nchi kavu. Ndiyo maana hatua za kwanza tano na za mwisho tano zinaweza kuwa mbaya kuliko zote za siku hiyo.

Kaa mbali na maeneo haya:

- Karibu na ukuta wa bwawa na lango la kutolea maji. Mkondo hula barafu kwa chini bila dalili juu.
- Midomo ya mito. Kwa Cascade ni pale North Fork Payette, Lake Fork, Gold Fork na Boulder Creek inapoingia.
- Matuta ya barafu iliyojikunja. Vipande viwili vikubwa vinaposukumana, kimoja hupanda na kingine huzama, na katikati hubaki maji. Tuta lililovukika asubuhi linaweza kufunguka jioni, kwa hiyo usilivuke bila kupima pande zote mbili.
- Visiki, nguzo na mawe yaliyochomoza. Hukusanya joto la jua na kuyeyusha barafu inayoyazunguka.
- Theluji nene isiyokanyagwa. Huizuia baridi kushuka, hivyo chini yake barafu hukua polepole. Uzito wake pia huididimiza barafu, maji yakapanda kupitia nyufa na kuwa rojo. Katika milima yenye theluji nyingi kama ya Cascade, rojo hilo ni la kila siku. Halimaanishi kwamba barafu imevunjika, lakini kiatu kinachopitisha maji kitakuwa kimemaliza safari yako kabla ya saa nne asubuhi.

Ukizama

Soma sehemu hii kabla ya kununua ndoana. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyetumia miaka mingi kuchunguza miili ya watu kwenye maji baridi, hufundisha kanuni ya moja, kumi, moja. Una dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 hivi za kuweza kutumia mikono na miguu, na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa mwili kupoa. Maana yake ni kwamba muda upo, mradi usiuharibu kwa kutapatapa.

1. Usivue nguo. Hewa iliyomo ndani yake hukusaidia kuelea.
2. Geukia ulikotoka. Barafu ya huko ilikubeba dakika moja iliyopita.
3. Weka mikono juu ya barafu na uchome kwa vipini vyako vya misumari (vimeelezwa hapa chini).
4. Piga miguu kwa nguvu mpaka mwili ulale usawa wa maji, kisha jivute mbele kwa tumbo.
5. Ukishatoka, usisimame. Jiviringishe mbali na shimo hadi ufike barafu uliyoipima.
6. Nenda kwenye joto, badili nguo zote, na piga 911 hata ukijiona mzima.

Mwenzio akizama, usimkimbilie. Lala kifudifudi na umrushie kamba, au umsogezee ngazi au fimbo ndefu. Watu wengi hufa wakimwokoa mwingine.

Vipini vya misumari ni vipande viwili vya mbao vyenye ncha za chuma, vimeunganishwa kwa kamba na kuvaliwa shingoni juu ya koti. Ukiviweka kwenye begi, havitakusaidia. Nguo za pamba zikilowa hubaki na maji na kukupoza, kwa hiyo vaa sufu au poliesta karibu na ngozi. Jaketi la kuokolea maisha huvaliwa juu ya koti na kuvuliwa unapopanda gari lililofungwa.

Vifaa vinavyotosha

Madukani utaonyeshwa mengi. Anayeanza anahitaji haya:

- Keekee ya mkono ya inchi 6 au 8. Ya inchi 6 hutoboa kwa urahisi, ya inchi 8 humpitisha pechi mkubwa bila kumkwaruza. Linda makali yake: kugusa mchanga mara moja kunatosha kuyaua.
- Mtaimbo, vipini vya misumari na kamba ya mita 15.
- Upawa wenye matundu wa kuopolea vipande vya barafu.
- Fimbo fupi mbili, zenye ncha laini kabisa, urefu wa mkono mmoja hivi.
- Mshipi wa pauni 3 au 4. Mnene zaidi hukakamaa kwa baridi na kuficha mdonoo.
- Ndoana ndogo zenye kichwa cha tangsteni, milimita 4 au 5, pamoja na vijiko viwili vitatu vya chuma vinavyometameta.
- Chambo: funza weupe wa dukani au vipande vya nyungunyungu. Viweke mfuko wa ndani ya koti, la sivyo vitaganda.
- Chubwi lenye kibanio la kupimia kina.
- Ndoo ya kukalia na kibao cha plastiki cha kuburuta mizigo.
- Meno ya chuma ya kuvisha viatu. Wengi huumia barafuni kwa kuteleza, si kwa kuzama.

Je, sona ya kuonyesha samaki kwenye skrini ni lazima? Hapana, ila ndiyo kifaa cha kwanza cha kununua ukiupenda uvuvi huu. Inakuonyesha katika nusu dakika kile ambacho mshipi mtupu hukueleza kwa dakika kumi.

Kulitafuta kundi

Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za sentigredi. Kwa hiyo wakati wa baridi, maji yenye joto zaidi hukaa chini, na pechi nao hukaa huko, futi moja mbili kutoka kwenye sakafu. Chakula chao kikubwa ni vibuu vyekundu vya wadudu wanaoishi kwenye tope, jamaa wa wale wanaotanda mawingu mawingu juu ya Ziwa Victoria. Hivyo kwenye mawe matupu huwakuti mara nyingi. Tafuta mahali mteremko unapokwisha na tope kuanza, kwenye kina cha futi 15 hadi 40.

Utaratibu wa asubuhi ni huu:

1. Usiku kabla ya safari, angalia ramani ya kina. Chagua mteremko mmoja, usichague bwawa zima.
2. Toboa matundu sita hadi manane kwa mstari, kutoka kina kidogo kwenda kikubwa, hatua 15 hadi 20 baina yao. Yatoboe yote mwanzoni ili kelele iishe mapema.
3. Kwenye kila tundu, pima barafu na upime kina kwa chubwi. Viandike kwenye simu au karatasi.
4. Anza tundu la kwanza. Lipe dakika kumi, si zaidi.
5. Ukipata pechi mmoja, toboa mengine matatu kulizunguka tundu hilo, hatua tano tano. Pechi hutembea kwa makundi ya rika moja, na alipo mmoja wenzake hawako mbali.
6. Kundi likinyamaza, rudia matundu ya zamani kabla ya kutoboa mapya. Mara nyingi limehama mita ishirini tu.

Pechi hutegemea macho na huwinda mchana. Hakuna haja ya kuamka saa tisa usiku. Fika kukiwa kumepambazuka, na uwe umeondoka barafuni kabla giza halijaingia.

Mkono ufanye nini

Shusha ndoana mpaka iguse tope. Mshipi utalegea. Inyanyue kidogo na uigongeshe tena mara mbili tatu, ili vumbi la tope liinuke na kumwita samaki aliye mbali. Kisha ipandishe kiasi cha kiganja kimoja na uitulize.

Sasa tazama ncha ya fimbo. Pechi wa majira ya baridi havuti. Ananyonya chambo na kukitema. Kinachoonekana ni ncha kutikisika kiasi cha unene wa kucha, au kinyume chake, ncha iliyokuwa imeinama kwa uzito wa ndoana inanyooka bila sababu. Huo mnyooko ni samaki aliyeinua chambo kuelekea juu. Wengi hungojea mvuto ambao hauji. Inua mkono taratibu, bila kushtua, na umpandishe kwa mwendo mmoja.

Asipokuja, badili kitu kimoja kwa wakati: kwanza mwendo, kisha ukubwa wa chambo, mwisho rangi. Fimbo ya pili iache imetulia kabisa hatua mbili kutoka ya kwanza. Ile inayochezeshwa huita, ile iliyotulia hukamata.

Makosa yanayojirudia

- Kufuata mahema ya watu. Kundi la mahema ni ushahidi wa samaki wa jana. Na usichukulie kwamba barafu ni salama kwa sababu wengine wamesimama juu yake.
- Kukaa tundu moja tangu asubuhi kwa sababu lilitoa samaki mmoja saa mbili.
- Kufungua mishipi mitano kwa kuwa kanuni inaruhusu. Mwenye mitano huona midonoo ya mmoja.
- Kuacha barafu laini ikae tunduni. Mshipi hukwama na mdonoo haufiki kwenye ncha.
- Kutoboa kwa nguvu hadi jasho likutoke. Jasho hilo litakugeuka dakika ishirini baadaye. Fungua koti, toboa polepole.
- Kurudisha majini pechi waliotoka kina kirefu. Kibofu chao cha hewa hakina njia ya kutolea hewa kwa haraka. Wanaopandishwa kutoka zaidi ya futi 30 hufika wamevimba na wengi hufa hata wakirudishwa. Ukitimiza idadi yako, funga mishipi. Usiendelee kwa mchezo.

Hema, joto na jiko la makaa

Hema la barafuni hukinga upepo, na kwa wenye watoto ni msaada mkubwa. Lakini kuna kosa moja linaloweza kumjia kirahisi mtu aliyezoea nyumbani: kuingiza jiko la makaa. Usifanye hivyo kamwe, hata kwa dakika tano za kuchemsha chai, hata mlango ukiwa wazi nusu. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na anayeivuta husinzia kabla ya kutambua kinachomtokea.

Tumia hita ya gesi iliyotengenezwa kwa matumizi ya ndani, acha matundu ya hewa wazi juu na chini, na uwe na king'ora kidogo cha kaboni monoksidi. Kichwa kikianza kuuma, toka nje kwanza, maswali baadaye. Hita zenye kihisi cha oksijeni zinaweza kuzimika zenyewe kwenye miinuko mirefu. Usikifungue kihisi ili kuilazimisha iwake.

Maswali ambayo msomaji bado anayo

*Sijui kuogelea. Niache?* Kuogelea hakusaidii sana mtu akiwa na koti na viatu kwenye maji ya nyuzi 1. Jaketi la kuokolea maisha, vipini vya misumari na mwenzio aliye na kamba ndivyo vinavyosaidia. Bila hivyo, hata muogeleaji aache.

*Naweza kwenda peke yangu?* Msimu wa kwanza, hapana. Nenda na mtu aliyekwishavua bwawa lile lile, na umwache mtu nyumbani akijua mnaanzia wapi na mnarudi saa ngapi. Baadhi ya kona za milima hazina mtandao wa simu.

*Watoto je?* Wachukue Januari barafu ikishakuwa nene, siku isiyo na upepo, kwa saa mbili tatu. Waweke mbele yako, si nyuma, na uwape kazi ya kuopoa barafu tunduni. Mtoto asiyefanya kazi hupata baridi haraka.

*Si bora ninunue samaki dukani?* Kwa hesabu ya mafuta ya gari na leseni, duka linashinda. Anayekwenda Cascade kwa ajili ya bei ya kitoweo atarudi amekasirika.

Kutoka barafuni hadi jikoni

Pechi aliyetupwa juu ya theluji huganda na kukauka kama mbao, na kumtengeneza baadaye huwa taabu. Mweke kwenye kisanduku cha baridi, ambacho huku kazi yake ni kuzuia asigande. Usimkate vipande huko huko bwawani kabla ya kusoma kanuni. Ofisa anayekukagua lazima aweze kutambua ni samaki wa aina gani na wako wangapi.

Magamba yake ni magumu, kwa hiyo wengi hawampari. Humtoa ngozi:

1. Mshike kwa kitambaa. Miba ya mgongoni na ncha za vifuniko vya matamvua huchoma.
2. Mlaze ubavu. Kata nyuma ya pezi la kifuani mpaka kisu kiguse uti wa mgongo.
3. Geuza kisu, fuata uti hadi karibu na mkia, lakini acha ngozi imeshika.
4. Pindua mnofu, ngozi ikiwa chini, na upitishe kisu kati ya ngozi na nyama.
5. Kata mbavu. Pitisha kidole katikati ya mnofu kusaka miba iliyobaki.

Ukikuta minyoo midogo ya manjano kwenye mnofu, ukubwa wa punje ya mchele, itoe kwa ncha ya kisu. Samaki akiiva vizuri haina madhara. Kwa wajawazito na watoto wadogo, angalia ushauri wa idara ya afya ya jimbo kuhusu zebaki, kwa sababu hutofautiana kati ya bwawa na bwawa.

Mnofu ni mwembamba na huiva upesi. Chumvi, ndimu, pilipili manga, unga kidogo, kisha mafuta ya moto kwa dakika mbili kila upande. Ukitaka mchuzi wa nazi, kaanga mnofu kwanza na uutie mchuzini mwishoni, la sivyo utavunjikavunjika sufuriani.

Wakati wa kuacha

Cascade kwa kawaida huanza kukanyagika Desemba na hudumu hadi Machi, lakini tarehe hizo hazimlindi mtu. Machi barafu inaweza kuwa na inchi 15 na bado isiwe salama, kwa kuwa jua huioza kwa ndani. Inagawanyika kuwa vijiti vya kusimama ambavyo mtaimbo huvipenya kwa pigo moja. Pwani ndiyo hufunguka kwanza, na wapo waliovuka asubuhi juu ya barafu iliyoganda usiku, wakakuta ukanda wa maji wakati wa kurudi saa nane mchana.

Dalili tatu za kufunga msimu: usiku mbili mfululizo ambapo joto halikushuka chini ya sifuri, barafu iliyobadilika kuwa ya kijivu, na maji yanayoonekana popote pwani. Moja ikitokea, rudi garini. Nyumbani, kausha makali ya keekee na uyapake mafuta, toa betri kwenye sona, na ubadilishe mshipi wote, kwa sababu uliopitia msimu mzima kwenye kingo za barafu umeshakwaruzika hata kama hauonyeshi.